Land Rover ya zamani: kagua chesesi na kadi kabla ya kutoa hela

Land Rover ya zamani huficha umri wake. Bodi yake ni ya bati la aluminiamu, jamaa ya sufuria za jikoni, na bati hilo halishiki kutu nyekundu kama chuma. Gari la miaka 40 likioshwa na kupigwa rangi mpya linaweza kung'aa kama limetoka kiwandani mwezi uliopita. Lakini chesesi, yaani kile kiunzi cha chini kinachobeba injini, bodi, watu na mizigo, ni cha chuma, nacho huoza. Mnunuzi wa mara ya kwanza hutazama juu. Fundi hulala chini.

Makala haya ni kwa msikilizaji anayetaka kununua Land Rover yake ya kwanza, awe wa Kyela mjini, Ipinda, Matema, Ngonga au Kasumulu. Bei ya kakao ilipopanda duniani mwaka 2024, fedha nyingi kuliko za misimu ya nyuma ziliingia mikononi mwa wakulima, na fedha ya msimu ikifika, wauzaji wa magari makuukuu nao hufika. Msimu mzima wa kakao au mpunga unaweza kuishia kwenye chuma kilichooza au kwenye kadi isiyo ya muuzaji. Neno kuu la kushika ni hili: injini hutengenezwa au hubadilishwa, lakini chesesi na kadi ndivyo gari lenyewe.

Kwa nini bado inatafutwa

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Katika Afrika Mashariki magari haya yalitumiwa na serikali, polisi, misheni, hospitali na wakulima wakubwa. Toleo la mwisho la umbo lile la zamani lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Mapenzi hayajaisha: Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo.

Huku kwetu sababu kubwa ni njia. Masika yakikolea mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na njia nyingi za mashambani huwa tope tupu. Gari lililo juu, lenye magurudumu yote manne yanayovuta, lina kazi hapa. Lakini kazi hiyohiyo ndiyo inayoliua. Kwa hiyo unaponunua gari lililofanya kazi bonde la Kyela, unanunua pia masika yote lililopita.

Ijue unayoitazama

Usiseme tu "Land Rover". Uliza ni ipi, kwa sababu spea na ubovu hutofautiana.

Ile inayoitwa 109 ni ndefu, na mwenzake mfupi ni 88. Namba hizo ni urefu kwa inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Zilizobaki barabarani nyingi ni za kundi la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Springi zake ni za vyuma bapa vilivyopangwa, gia nne, breki za ngoma magurudumu yote. Injini iliyozoeleka ni ya silinda nne, lita 2.25, ya petroli au dizeli. Ni rahisi kuitengeneza, ila haina haraka.

Land Rover 110 ilianza 1983. Springi zake ni za kujiviringa, hivyo haitikisi abiria kama 109, na breki za mbele ni za diski. Mwaka 1990 ikapewa jina la Defender. Za dizeli zinazosifiwa na mafundi wengi ni zile za 200Tdi na 300Tdi, ambayo ilianza 1994. Iliyofuata mwaka 1998, Td5, inaendeshwa na kompyuta. Si mbaya, ila ikigoma huko Matema, fundi mwenye spana peke yake huenda asiweze kukusaidia.

Utakutana pia na Land Rover iliyotolewa injini yake na kuwekewa ya Kijapani. Hilo si kosa. Mara nyingi mwenye gari amefanya hivyo ili apate spea kwa urahisi. La kuangalia ni kama kazi ilifanywa vizuri, na kama namba ya injini mpya imeingizwa kwenye kadi.

Anza na kadi

Watu wengi hukagua gari kutwa nzima, kisha kadi wanaitazama dakika moja wakati wa kulipa. Geuza utaratibu huo. Kama kadi ina matatizo, huna haja ya kujichafua kwa oili.

Omba kadi halisi, si kivuli wala picha ya simu. Soma namba ya chesesi iliyoandikwa, kisha ilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye magari haya hugongwa kwenye chesesi mbele upande wa kulia, karibu na springi. Sugua tope na rangi kwa brashi ya waya hadi isomeke tarakimu kwa tarakimu. Kama mahali hapo pamechomelewa, pamesuguliwa kwa tupa, au namba zimepinda kama zilizoandikwa kwa mkono, acha. Kibati chenye namba kilichofungwa kwa skrubu hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu kibati huhamishwa kutoka gari hadi gari.

Kisha tazama jina. Magari ya zamani mengi bado yana jina la baba au babu aliyekwisha kufariki. Mtoto anaweza kuwa mkweli kabisa, tena mwenye shida ya kweli, lakini kuishi na gari la marehemu hakumpi mamlaka ya kuliuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye awe na barua inayoonesha hivyo. Bila barua hiyo unaweza kulipa leo, na kesho shangazi na kaka wengine wakaja kulidai gari mbele ya nyumba yako. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Kaka, gari nimelipenda, lakini nendeni kwanza mahakamani mkamalize mirathi. Mkimaliza nitarudi." Mwenye nia njema atakuelewa.

Kama gari lilikuwa la serikali au la mradi, uliza hati za mnada na za kufutwa kwa usajili wa zamani. Kama lilikuwa la kanisa, chama cha ushirika au shule, uliza maandishi ya wadhamini au bodi yanayoruhusu kuuzwa. Kama kadi "ipo kwa mtu", huenda imewekwa dhamana ya mkopo. Malizana na huyo mtu kwanza, kwa maandishi.

Kisha peleka namba ya gari ofisi ya TRA uulize kama taarifa zake zinalingana na kadi. Faini za barabarani nazo huonekana kwenye mfumo wa polisi ukiingiza namba ya gari kwa simu. Zilipwe na muuzaji kabla ya wewe kulipa.

Sisi tulio karibu na Kasumulu tunahitaji tahadhari moja zaidi. Gari lenye namba za Malawi linaweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu ushuru wake wa Tanzania haujalipwa. Gari kuukuu likiingizwa nchini huongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ule wa kawaida. Bei ile ndogo basi ni nusu ya habari, na nusu ya pili utaisikia forodhani, gari likiwa limeshikwa.

Lala chini ya gari

Nenda mchana, siku kavu, na fundi asiyejuana na muuzaji wala dalali. Mlipe fundi wako posho yake mwenyewe, ili asingoje kamisheni ya mtu mwingine. Beba turubai la kulalia, tochi, nyundo ndogo na bisibisi.

Gonga chesesi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, kama kugonga ubao uliolowa. Ukisikia sauti imebadilika, sukuma bisibisi hapo. Ikizama, umepata jibu. Mwombe muuzaji ruhusa kabla hujaanza. Anayekataa nyundo na bisibisi kwenye chuma cha gari lake anajua kilichopo.

Sehemu za kugonga kwanza ni chuma cha nyuma kabisa kinachopita kushoto kwenda kulia chini ya mlango wa nyuma, mikono ya pembeni inayoshika bodi, mahali springi zinapofungwa, na sehemu iliyopinda juu ya ekseli ya nyuma. Chesesi ya Land Rover ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope la Kyela huingia, huziba matundu ya kutolea maji, nalo hukaa bichi wiki nzima baada ya mvua kukatika. Kutu basi huanzia ndani na kutokea nje, na ukiiona nje ujue ndani imeshakula.

Ogopa chesesi iliyopakwa rangi nzito nyeusi au lami juzi. Inaweza kuwa kinga nzuri, lakini pia ni blanketi la kufunika maiti. Tazama viraka vya kuchomelea. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri, baada ya chuma kilichooza kukatwa, si tatizo. Viraka juu ya viraka ni gari linaloshikiliwa na vijiti vya kuchomelea.

Panda ndani, nyanyua mikeka na utazame sakafu miguuni pa dereva na chini ya nguzo za milango. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma. Fungua na kufunga kila mlango. Mlango unaogoma au ulioshuka unaweza kuwa na bawaba mbovu tu, lakini unaweza pia kuonesha kwamba nguzo imeoza au chesesi imepinda kwa ajali. Pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Nao ni mlo wa bodi, japo huenda polepole.

Uliza gari limeishi wapi. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, lakini Land Rover iliyofanya kazi Bagamoyo, Kilwa au Tanga imepigwa na hewa ya bahari. Na iliyobeba mbolea ya chumvichumvi miaka mingi huliwa hivyohivyo, kuanzia kwenye sakafu ya mizigo.

Injini iwe baridi

Ukifika ukakuta gari linanguruma tayari, au boneti ni ya moto, usikague injini. Sema utarudi jioni likipoa. Injini mbovu huficha mengi ikishapashwa.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi. Ukiona mafuta yanaelea juu, oili na maji vimekutana ndani. Fungua kizibo cha oili ya injini. Ukikuta ute wenye rangi ya chai ya maziwa, habari ni ileile, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Sasa washa mwenyewe. Dizeli ya zamani ikiwa baridi huhitaji sekunde chache za kupasha plagi zake, halafu iwake bila kusukumwa. Moshi kidogo wakati wa kuwaka si neno. Ukiendelea, usome. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua vizuri, pengine nozeli au pampu. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda. Injini ikiwa inanguruma, legeza kizibo cha oili. Kikisukumwa kwa nguvu na mvuke ukatoka kama bomba la treni, ringi zimechoka.

Kwa 200Tdi na 300Tdi, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini na nani. Ukikatika injini ikizunguka, valvu zinaweza kugonga pistoni. Kama hakuna anayejua, hesabu mkanda mpya ndani ya bei.

Muuzaji atakwambia kila Land Rover huvuja oili. Zinavuja kweli, nyingi. Lakini tofautisha unyevu na matone. Weka boksi la karatasi chini usiku kucha, asubuhi utajua kinachodondoka na kinatoka wapi.

Kama gari lilizama mafurikoni, difu na gia boksi zitasema. Fundi alegeze nati ya kujazia oili ya difu na achovye kidole. Oili nyeupe kama maziwa ni maji. Likiachwa hivyo miezi kadhaa, meno na bearingi huliwa.

Mlima wa Tukuyu haudanganyi

Kuzunguka uwanja wa mpira hakutoshi. Tuna kipimo bora kuliko watu wa tambarare: barabara ya kutoka Kyela kwenda Tukuyu. Inapanda zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa. Weka mafuta kwa hela yako, panda na muuzaji pamoja na fundi, mwende.

Kwenye kupanda, tazama geji ya joto. Gari lenye rejeta iliyoziba au gasketi iliyochoka litachemsha humo. Weka gia kubwa, kanyaga mafuta ghafla. Injini ikipiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Likifika juu, lizime dakika kumi, kisha liwashe tena. Mengine huwaka baridi na kugoma moto.

Kwenye kushuka, usitegemee breki peke yake. Tumia gia. Achia mafuta ukiwa gia ya tatu, halafu ya pili. Gia ikijitoa yenyewe, gia boksi inataka kazi kubwa. Kabla ya kuanza kushuka, kanyaga breki gari likiwa limesimama. Mguu ukizama na kupanda kwenye kukanyaga kwa pili, kuna hewa, mvujo au marekebisho yasiyofanywa. Usishuke mlima nalo. Kumbuka pia kwamba breki za ngoma za 109 hudhoofika zikitoka majini hadi zikauke. Stelingi ikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili kabla magurudumu hayajageuka, viungo vyake vimekwisha.

Magurudumu manne yajaribiwe kwenye tope au mchanga, wala si kwenye lami, kwa sababu 109 ikifungwa magurudumu yote kwenye lami hujikaza na kuumia. Ingiza gia nzito, tembea mbele na nyuma, kisha itoe. Mwenye gari akisema "hiyo huwa hatuitumii", muulize kwa upole ni tangu lini.

Hesabu kabla ya kupatana

Tuseme una shilingi milioni 12. Usitafute gari la milioni 12. Tafuta la milioni 8 au 9, zinazobaki ni za tairi, breki, oili zote, bima na kuhamisha kadi. Gari kuukuu lina deni la siku ya kwanza hata likiwa zuri.

Mwombe fundi aandike ubovu wote kwenye karatasi, kila mmoja na bei ya spea na ya kazi. Pita dukani Kyela au Mbeya uulize bei hizo mwenyewe. Karatasi hiyo ndiyo itakayopatana kwa niaba yako, tena bila kumtukana mzee wa watu gari lake. Kama kilichooza ni chesesi yenyewe, usiombe punguzo. Aga.

Jiulize pia gari ni la kazi gani. Kama unataka kubeba abiria kwa malipo, nenda LATRA uulize kabla ya kununua, usije ukanunua gari usiloruhusiwa kulifanyia kazi hiyo. Kama ni la kutoa kakao shambani mara mbili kwa wiki, piga hesabu ya mafuta dhidi ya kukodi. Pengine kukodi ni nafuu, na gari utalinunua kwa sababu unalipenda. Si dhambi, mradi mwenzako nyumbani naye ajue hivyo.

Siku ya kulipa

Andikishaneni mbele ya wakili, mkiwa na mashahidi wa pande zote mbili. Mkataba utaje namba ya gari, ya chesesi, ya injini, bei, na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Lipa kwa benki au kwa simu ili alama ibaki. Pokea kadi halisi siku hiyohiyo, na anzeni kuhamisha umiliki TRA mara moja, nyote wawili mkiwa na namba zenu za mlipakodi. Usiseme tutahamisha baada ya mavuno. Muuzaji akifariki au akihama katikati, utakuwa umerudi kwenye habari ya mirathi, safari hii hela ikiwa imekwisha kutoka.

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu:

1. Kadi halisi, jina la muuzaji, TRA na faini.
2. Namba ya chesesi kwenye chuma.
3. Nyundo na bisibisi chini ya gari.
4. Injini ikiwa baridi, kisha oili za difu na gia boksi.
5. Safari ya Tukuyu, kupanda na kushuka.
6. Karatasi ya fundi na bei za spea.
7. Mkataba, malipo yenye alama, kuhamisha kadi.

Ukikwama hatua ya kwanza, ya pili au ya tatu, usiendelee na ya nne. Land Rover zipo nyingi, na masika yajayo yatazileta nyingine sokoni.